Baba ana Parkinson, tumpe vitamini?

SWALI: Shikamoo dokta, baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, tupo Igoma hapa Mwanza, anameza dawa za levodopa na carbidopa ila mkono bado unatetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisosi, sasa jirani kaleta kopo la vitamini E anasema itamaliza mtetemeko, tumpe?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Hela ya hilo kopo bora mnunulie sato, maana vitamini E ilishapimwa Marekani kwa dozi kubwa, majibu yakatoka 1993, haikupunguza kasi ya ugonjwa. Ila huyo sato na dagaa visiambatane na dawa, protini inagombania njia na levodopa kwenye utumbo, kwa hiyo ameze dawa kama nusu saa kabla ya kula, labda kama inamtia kichefuchefu hapo mwambieni daktari wake. Vidonge vya madini ya chuma navyo vikae mbali na dawa, angalau masaa mawili. Kinachofaa kupimwa ni vitamini B12 kwenye damu, wanaotumia levodopa muda mrefu wengine inashuka, miguu inakufa ganzi watu wanadhani ni Parkinson yenyewe. Na dozi msiongeze wenyewe jamani, mrudisheni kliniki.