Maswali ya Wasomaji: Ampli ya Valvu Inavuma Spika Zote Mbili

SWALI: Nina Dynaco Stereo 70 ya Marekani, naiwasha kupitia transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 240 hadi 120. Spika zote mbili zinavuma hata nikichomoa nyaya za kuingiza sauti. Fundi anasema ninunue valvu zote upya. Je, ndiyo dawa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usinunue bado. Pande zote mbili zikivuma kwa pamoja, anza kushuku kinachozilisha zote, yaani sehemu ya umeme. Hakikisha hivi: kwenye kila tundu la kuingizia sauti chomeka plagi ya RCA ambayo pini yake imeungwa na gamba lake. Kukiwa kimya, ubovu uko kwenye nyaya zako au ethi. Mvumo ukibaki, zima, acha ipoe, chomoa valvu mbili za 7199 (ndogo, za kukuza sauti inapoingia), kisha washa tena, spika zikiwa zimeungwa. Ukiendelea kusikika, fungua chasisi.

Ampli hii ilisanifiwa kwa umeme wa Hz 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Transfoma yako hushusha volti tu. Hz 50 za kwetu zinabaki vilevile. Ukipiga hesabu, mawimbi yanayobaki kwenye DC (umeme wa mkondo mmoja unaolisha valvu) baada ya koili ya kuchuja huongezeka kama mara 1.7. Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji na kulainisha umeme) iliyokauka kidogo, ambayo Marekani ingevumilika, hapa inasikika, na sauti yake ni ya Hz 100.

Ndani mna zaidi ya volti 400 zinazobaki hata baada ya kuzima. Chomoa plagi ukutani, toa chaji kwa rezista ya ohm 10,000 ya wati 10 kwa nusu dakika, kisha pima. Usiguse kitu kabla mita haijasoma chini ya volti 10.

Kapasita kubwa ya kopo ina sehemu nne: mikrofaradi 30, 20, 20 na 20, volti 525. Ibadilishe nzima. Kubandika mpya juu ya nzee hakufai, kwani ile iliyooza inaendelea kuvujisha umeme na kupata joto. Kapasita za volti 450 zilizojaa madukani ziache. Sehemu ya kwanza, inayopokea umeme wa valvu ya GZ34 (ile inayogeuza AC kuwa DC), isizidi mikrofaradi 60. Wengi huweka 100 wakidhani wanaponya mvumo, na GZ34 inapiga cheche. Ukitaka kuongeza, ongeza baada ya koili: 40 hadi 80 ni sawa.

Kisha nenda kwenye umeme hasi wa bayasi, yaani ule unaodhibiti mkondo wa EL34, valvu kubwa zinazoendesha spika. Mahali pa diodi ya seleniamu weka diodi ya 1N4007, na kapasita zake mbili weka za mikrofaradi 100, volti 100. Angalia: mguu CHANYA ndio unaokwenda kwenye chasisi. Ukigeuza, kapasita italipuka na EL34 zitawaka nyekundu.

Rekebisha bayasi hadi mita isome volti 1.56 kila upande. Kipimo hicho ni jumla ya valvu mbili, hakionyeshi moja ikiwa imechoka, ilhali mvumo hujifuta pale tu zote mbili zinapovuta sawa. Kwa hiyo ukibaki mvumo mdogo baada ya haya yote, hapo nunua EL34, zilizopimwa pea pea. Transfoma ya umeme ya ampli ikichoma mkono baada ya saa moja, tafuta iliyoandikwa Hz 50.