Msimu wa Maonesho Hupangwa Kuanzia Siku ya Kubomoa: Kwa Wanaoanza Kazi Katika Makumbusho ya Chuo Kikuu

Anayeanza kazi hii huwa anaiwaza siku ya ufunguzi. Ni kawaida. Lakini msimu wenye maonesho matatu au manne ya sanaa ya kisasa hauharibikii kwenye ufunguzi. Huharibikia katika zile siku ambazo onesho moja limeshafungwa na jingine halijafunguliwa, ukumbi umejaa vumbi na ngazi, na makreti, yaani masanduku ya kusafirishia kazi, hayana pa kukaa. Siku hizo ndizo za kupangwa kwanza.

Chukua kalenda ya masomo kabla hujashika kalenda ya wasanii. Tia alama wiki ya kwanza ya muhula, wiki za mitihani na likizo. Wakati wa mitihani wanafunzi wanaosimamia kumbi hawapatikani, kwa hiyo huo ndio wakati wa kufunga milango na kubadilisha ukumbi. Walimu nao wapelekewe orodha ya kazi zitakazooneshwa kabla hawajaandika ratiba ya kozi zao, maana ratiba ikishatoka hakuna mwalimu atakayepata nafasi ya kuleta darasa. Onesho likifunguliwa wiki mbili kabla ya mitihani, wale lililoandaliwa kwa ajili yao hawatalitazama.

Kwa ukumbi wa mita za mraba 200 hivi, tenga siku 21 kati ya onesho na onesho. Siku nne ni za kushusha, kukagua na kufunga. Tatu za kuziba matundu, kupiga msasa na kupaka rangi. Nne zinazofuata ni za kuiacha rangi ikauke na harufu itoke. Tano za kufungua makreti na kutundika, mbili za taa na lebo. Tatu zinazobaki usimwahidi mtu yeyote.

Wageni wa kazi hupenda kuzikata zile siku nne za rangi, kwa kuwa ukuta ukishikwa unaonekana umekauka. Rangi ya maji hukauka juu kwa saa chache, lakini mvuke wake unaendelea kutoka kwa siku kadhaa na unapandisha unyevu wa ukumbi. Hatari kwa kazi za sanaa ni kubwa zaidi ndani ya kabati la kioo lililofungwa, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Rangi ya mafuta ni mbaya zaidi, inataka wiki kadhaa, hivyo usiitumie kabisa katikati ya msimu. Siku hizo nne si za kukaa bure: pitisha nyaya, jaribu projekta, maliza majukwaa madogo ya kuwekea kazi na meza nje ya ukumbi.

Kreti likifika, liache limefungwa ndani ya ukumbi kwa saa 24. Likifunguliwa papo hapo likiwa bado na baridi, umande unaweza kutanda juu ya kazi, na mbao, karatasi na turubai vikapata mshtuko wa unyevu kubadilika ghafla. Unapolifungua, piga picha kila hatua: kipande gani cha sponji kilikuwa wapi, kazi ilitazama upande gani. Miezi mitatu baadaye hutakumbuka.

Kisha andika taarifa ya hali, yaani maelezo ya jinsi kazi ilivyo ilipofika, kwa penseli. Kalamu ya wino haikaribii kazi ya sanaa. Tumia tochi kwa kuilaza pembeni, mwanga upite karibu sambamba na uso wa kazi. Hapo ndipo mabonde, rangi iliyoinuka na mikunjo hujitokeza, vitu ambavyo mwanga wa mbele huvificha. Usiandike “imechakaa kidogo”, kwani sentensi hiyo haimsaidii mtu. Andika “mkwaruzo wa sentimita 2, ulioko sentimita 5 kutoka ukingo wa kushoto na 12 kutoka chini”. Vaa glavu za nitrili. Za pamba huteleza kwenye kioo na nyuzi zake hunasa kwenye mbao zenye vibanzi.

Kutundika ni hesabu. Chagua kimo cha kitovu cha picha, tuseme sentimita 150 kutoka sakafuni, na ukifuate ukumbi mzima. Picha ina urefu wa sentimita 90, nusu yake 45. Vuta waya wa nyuma kwa vidole viwili, mahali ndoano mbili zitakapokaa, kana kwamba umeshaning’inia, upime kutoka ukingo wa juu hadi kilele cha waya: 12. Ndoano zitakaa kwenye 150 jumlisha 45 toa 12, yaani 183. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kupima waya ukiwa umelegea, picha ikaishia chini ya ilipokusudiwa. La pili ni kupima kila picha kutoka sakafuni upya. Sakafu nyingi zina mteremko usioonekana, na safu ya picha kumi itaufichua. Piga mstari mmoja wa leza ukutani, upime kila kitu kutoka kwenye mstari huo. Tumia ndoano mbili kwa kila picha, maana moja huiacha iyumbe mlango ukifungwa kwa nguvu. Kwa ukuta wa jipsamu, uliza kama nyuma yake kuna plaiwudi. Kama haipo, kazi nzito haziendi hapo.

Kuhusu mwanga, kazi za karatasi, nguo na picha za rangi za kamera hupewa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso wa kitu), na michoro ya mafuta au akriliki hadi 200 hivi. Kumbuka kwamba madhara ya mwanga hujumlishwa na hayafutiki. Onesho la siku 90, saa 8 kwa siku, kwa luksi 50, ni saa-luksi 36,000. Washa luksi 200 na kiasi hichohicho kitafikiwa kwa siku 22 na nusu. Kwa hiyo mafundi wakifanya kazi usiku, wafunike kazi za karatasi, na taa zizimwe mgeni wa mwisho akitoka. Akitoka juani na kuingia kwenye luksi 50, mgeni ataona giza. Mpitishe kwanza kwenye ukumbi wa mwanga wa kati ili macho yazoee.

Sanaa ya kisasa ina jambo lake la pekee: mara nyingi kinachofika si kitu kilichokamilika, ni maelekezo. Msanii wa Marekani Sol LeWitt alianza michoro yake ya ukutani mwaka 1968, na huchorwa na watu wengine kwa kufuata maelekezo yake. Makumbusho mawili ya vyuo, Yale University Art Gallery na Williams College Museum of Art, yalishirikiana na MASS MoCA, makumbusho ya sanaa ya kisasa huko Massachusetts, Marekani, kuweka michoro 105 ya aina hiyo, na onesho likafunguliwa mwaka 2008. Wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliochora. Msanii Félix González-Torres naye, katika kazi ya mwaka 1991, aliacha rundo la peremende lenye uzito unaokusudiwa wa pauni 175, karibu kilo 79, na wageni wanaruhusiwa kuchukua. Mlinzi asiyeambiwa hilo atamzuia mgeni kufanya kile kazi inachokitaka.

Ndiyo maana, kabla kazi haijasafirishwa, tuma maswali kwa maandishi. Kipi kinaweza kubadilishwa kikiharibika, na kipi kamwe? Nani anajaza, na lini? Onesho likiisha, mchanga, majani au peremende zinaenda wapi? Jibu la simu halitoshi, kwa sababu aliyelipokea anaweza kuwa likizoni siku unapolihitaji.

Mchanga, kwa mfano. Msanii anaomba sakafu ya mita za mraba 20 ifunikwe kwa kina cha sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 2, na mchanga mkavu huwa na kilo 1,600 hivi kwa mita ya ujazo, jumla kilo 3,200. Peleka hesabu hiyo kwa mhandisi wa majengo ya chuo kabla ya kusema ndiyo, hasa ukumbi ukiwa ghorofani. Vitu vya asili pia huja na wadudu. Vifunge kwenye plastiki, viweke mbali na stoo, na mwulize mhifadhi kama vinaweza kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Vyenye rangi au gundi huenda visistahimili.

Kazi za video zina jaribio moja ambalo halirukwi: chomoa plagi, subiri dakika moja, chomeka tena. Kila kitu kikirudi chenyewe bila rimoti, umemaliza. Kisiporudi chenyewe, wanafunzi wa zamu watateseka kila umeme ukikatika. Weka nakala mbili za faili, moja nje ya jengo. Halafu washa kazi zote kwa pamoja usikilize. Spika ikisikika vizuri peke yake inaweza kuimeza kazi ya jirani, na zulia na mapazia husaidia kuliko kupunguza sauti.

Lebo ni maneno 60 hadi 70, herufi zisiwe chini ya pointi 18, zisomwe na mtu ambaye hajaiona kazi. Majina ya wasanii yakaguliwe herufi kwa herufi.

Onesho likifungwa, chukua karatasi ileile ya taarifa ya hali na tochi ileile, ukague mahali palepale, sahihi mbili chini. Skrubu za kila kazi zitiwe kwenye kimfuko chenye namba ya kazi hiyo na kifungwe ndani ya kreti lake, kabla mtu yeyote hajafungua kopo la rangi.