Wasomaji wanauliza: FluidSynth imewaka, mbona haitoi sauti?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafundisha kwaya ya parokia huku Kirumba, Mwanza, na kompyuta yangu ni ya zamani, yenye memori ya GB 2 na mfumo wa Ubuntu. Programu ya kuandikia noti ikianza kupiga wimbo, mashine huganda. Kijana mmoja alinishauri niyapige mafaili yangu ya MIDI kwa FluidSynth, programu ya kupiga muziki inayoendeshwa kwa amri za kuandika, katika dirisha la amri. Nikiandika `fluidsynth wimbo.mid` hutokea maandishi mengi, kisha alama ya `>`, lakini sisikii kitu. Je, kompyuta imeharibika? Na nifanyeje ili waimbaji wa sauti ya tatu waisikie sehemu yao? – Mwalimu wa kwaya, Kirumba.

JIBU: Kompyuta yako ni nzima, Mwalimu. Alama ya `>` inaonyesha kwamba programu imewaka na inasubiri maagizo. Kilichokosekana ni mambo mawili ambayo programu yenye madirisha na vitufe hukuchagulia bila kukuuliza, yaani ala za kupigia na njia ya kutolea sauti.

Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Utaratibu wa MIDI, ulioanza kutumika mwaka 1983, hubeba maagizo tu: noti ipi ibonyezwe, kwa nguvu kiasi gani, iachwe lini na ipigwe kwa ala namba ngapi. Ndiyo maana wimbo mzima wa kwaya huchukua kilobaiti chache. Sauti zenyewe hutoka katika faili jingine, linaloishia na `.sf2`, ambamo zimehifadhiwa sauti zilizorekodiwa za kinanda, filimbi, ngoma na ala nyinginezo. Katika Ubuntu na Debian, kifurushi kiitwacho `fluid-soundfont-gm` huleta faili la namna hiyo lenye ukubwa wa takriban MB 140, kwa hiyo lipakue siku ambayo bando si la kuhesabia. Likishaingia, andika amri hii katika mstari mmoja:

`fluidsynth -a alsa -g 0.6 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2 wimbo.mid`

Herufi `-a` hutaja njia ya kutolea sauti, na hapa ni `alsa`, njia ya kawaida ya Linux. Usipoitaja, programu inaweza kuitafuta JACK, ambayo hutumiwa zaidi na watu wa studio, na isipoikuta hulalamika kisha ikakaa kimya. Ikiwa `alsa` nayo itakataa kwa sababu kadi ya sauti imeshikwa na programu nyingine, weka `pulseaudio` mahali pake. Herufi `-g` ni nguvu ya sauti. Kiwango cha kawaida ni 0.2, ambacho kwa spika ndogo za kompyuta ni hafifu mno, lakini ukikipandisha kupita kiasi sauti huanza kukwaruza. Yale maandishi mengi uliyoyaruka ndiyo hasa ya kusomwa kwanza: ukiona `No preset found`, ujue ala hazijapatikana, na mara nyingi sababu ni jina la faili au la folda lililokosewa, kwani Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Jihadhari pia na amri unazonakili kutoka katika ujumbe wa simu, kwa maana baadhi ya simu hugeuza kistari kifupi kuwa kirefu, na amri hukataliwa ingawa kwa macho haina kasoro.

Kuhusu sauti ya tatu, jibu linategemea jinsi ulivyoandika noti zako. Ikiwa kila sauti ina mistari yake, kwa kawaida programu ya noti huipa kila moja chaneli yake, yaani njia yake ya maagizo ndani ya faili la MIDI. Lakini ukiwa umeziandika sauti ya kwanza na ya pili pamoja, na ya tatu na ya nne pamoja, kama vitabu vingi vya nyimbo vinavyofanya, kila jozi hutumia chaneli moja na hakuna amri ya FluidSynth itakayoitenganisha. Itakubidi urudi kwenye noti. Zikiwa zimetengana, andika `channels` mbele ya alama ya `>` uone orodha, ukikumbuka kwamba hesabu huanzia 0, hivyo sauti ya tatu mara nyingi itakuwa chaneli 2. Wimbo ukishaanza, andika `cc 0 7 30`, kisha `cc 1 7 30` na `cc 3 7 30`. Namba ya kwanza ni ya chaneli, 7 ni ya ukubwa wa sauti na 30 ni kiwango chake kati ya 0 na 127. Ungeweza kuweka 0 na kuzinyamazisha kabisa, ila mimi singefanya hivyo, kwa kuwa muimbaji anayejifunza bila kuzisikia sauti nyingine hupotea siku ya kuimba pamoja. Kuanzia toleo la 2.2, amri `player_tempo_int 0.8` hupunguza mwendo bila kushusha ufunguo.

Mashine ikikatakata sauti, ongeza `-R no -C no` kabla ya majina ya mafaili ili kuondoa mwangwi na mapambo yanayokula nguvu ya kompyuta. Isipotosha, ongeza `-z 256`. Sauti itachelewa kidogo kutoka, jambo lisilo na madhara kwa wimbo unaojipiga wenyewe, ingawa mpiga kinanda angelihisi vidoleni.

SWALI: Waimbaji wangu wametawanyika visiwani. Je, naweza kuugeuza wimbo wa MIDI kuwa faili la kuwatumia kwa simu? – Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Unaweza, tena bila kungoja wimbo umalizike kupigwa:

`fluidsynth -ni -g 0.6 -r 44100 -F wimbo.wav /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2 wimbo.mid`

Faili la WAV hufikia MB 10 hivi kwa kila dakika, hivyo lipunguze kwa programu ya kugeuzia mafaili ya sauti iitwayo ffmpeg, kwa amri `ffmpeg -i wimbo.wav -b:a 96k wimbo.mp3`, wimbo wa dakika 4 utabaki na MB 3 hivi. Amri za `cc` nilizomweleza Mwalimu wa Kirumba hazitumiki hapa, kwa sababu `-i` huondoa alama ya `>`. Punguza sauti nyingine katika programu ya noti kwanza, kisha utoe faili la MIDI la kila sauti.