Alama ni ileile, hatari si ileile

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, maabara yetu ni ndogo. Nasikia kuna alama za Phoenix za kukadiria hatari ya kifo kwa mtoto mwenye sepsisi (maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vishindwe kufanya kazi). Naweza kuzitumia? Na mtoto akipata 2, nimwambie nini mama yake?

JIBU: Phoenix, zilizotolewa mwaka 2024, hutazama upumuaji, moyo na mishipa, kuganda kwa damu, na ubongo. Mtoto mwenye maambukizi akifikisha 2 huhesabiwa ana sepsisi. Alama kadhaa zinadai vipimo vya damu: lakteti (asidi inayopanda viungo visipopata damu ya kutosha) na hesabu ya chembe sahani (zinazogandisha damu), hivyo bila maabara utazipata nusunusu. Isitoshe, katika takwimu zilizotumika kuzipima, watoto wenye 2 au zaidi walikufa 7.1 kati ya 100 kwenye hospitali zenye vifaa vingi, na 28.5 kwenye zenye vifaa haba. Basi usimtajie mama asilimia yoyote uliyoisoma mahali. Mwambie kwamba mtoto ni mahututi, kipi kinafanyika sasa na kwa nini anapewa rufaa.

Kwako zinafaa zaidi alama za Lambaréné, zilizoundwa kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali. Hazihitaji hata tone la damu: 1 kwa kupumua kwa kina, 1 kwa kulegea (aliyekuwa akikaa hawezi kukaa, anayenyonya hawezi kunyonya), 1 kwa kupoteza fahamu. Jumla ikipanda, hatari inapanda. Ila mtoto ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali, usimhesabu salama kwa sababu tu amepata 0.

Wengi hukosea kwenye upumuaji. Wanahesabu kasi wakati kinachotafutwa ni kina: kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu, mara nyingi mapafu yakisikika safi, kwa kuwa tatizo ni asidi kwenye damu. Mfunue kifua, mtazame dakika nzima akiwa ametulia. Anayelia hapimiki.

Aliyepoteza fahamu mpime sukari hapohapo. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe dekstrozi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kilo; wa kilo 12 anapata 60. Kama unayo ya asilimia 50 tu, changanya sehemu 1 na sehemu 4 za maji ya sindano. Kisha hesabu alama upya, maana huenda aliyekuwa na 3 akabaki na 1.

SWALI: Akiwa na alama nyingi, tumwagie maji ya dripu haraka?

JIBU: Hapana, alama pekee si kibali cha maji. Utafiti wa FEAST (2011), uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha vifo vya saa 48 vikiwa asilimia 10.5 kwa waliomiminiwa salaini na 7.3 kwa wasiomiminiwa. Wenye kuhara hawakuwamo. Hao wana utaratibu wao wa maji.