Mfupa ni mkavu kama jiwe, uvimbe unaotaje ndani yake?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 15. Miezi miwili iliyopita alianguka kwenye punda hapa Shela, na tangu hapo anaumwa juu ya goti, hasa usiku. Eksirei imeonyesha uvimbe ndani ya mfupa wa paja. Nyanyake anashikilia kuwa ni kule kuanguka. Mimi nashangaa mfupa unavyoweza kuota kitu. – Mama, Lamu

JIBU: Mama, pole. Mfupa mkavu ni ule waliobakisha paka wa mtaani kwenu. Ulio mwilini una damu na seli hai, na haukai bila mafundi: kuna seli zinazojenga, osteoblasti, na zinazobomoa, osteoklasti, kama nyumba ya mawe inayotiwa chokaa upande huu huku ule ukibanduliwa.

Uvimbe huanza jeni za seli moja zinapoharibika, ikawa inajigawa bila kukoma. Jina hufuata kile seli hizo zinachotengeneza. Zikimwaga ovyo mfupa usiokomaa, hiyo ni osteosakoma, saratani ya mfupa. Zikitengeneza gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na ni saratani, ni kondrosakoma, ambayo zaidi ni ya watu wazima. Ipo pia osteokondroma, kinundu chenye kofia ya gegedu. Si saratani, na kwa kawaida huacha kukua kijana akimaliza kurefuka.

Unaonishangaza mimi hadi leo ni uvimbe wa seli kubwa. Kwenye hadubini unaona majitu yenye viini makumi, ukadhani ndiyo yenye makosa. Kumbe hayo ni vibarua tu, jamaa wa osteoklasti. Mkosaji ni seli ndogo iliyo katikati yao, inayotoa protini iitwayo RANKL ya kuwaita waje wabomoe.

Kwa nini goti, na kwa nini umri huo? Mfupa wa paja hurefuka zaidi upande wa gotini, na mvulana wa miaka 15 yuko mbioni. Seli zinazojigawa sana hunakili jeni mara nyingi, na kosa likiangukia jeni za ulinzi kama TP53 au RB1, breki hukatika. Punda hana hatia. Kuanguka hakuzai saratani. Mara nyingi humfanya mtu aligundue goti lililokuwa linaumwa kimyakimya. Lakini msimlaumu nyanya, hata wagonjwa wangu waliosoma husema hivyo hivyo.

Eksirei peke yake haitoshi kutaja jina. Anahitaji MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kisha kipande cha uvimbe kitolewe kipimwe, na kitolewe na timu ileile itakayomfanyia upasuaji, kwa sababu tundu la sindano likipitishwa vibaya huweza kuharibu mpango wa kuuokoa mguu. Ikiwa ni osteosakoma, watapiga picha ya mapafu pia, maana huko ndiko hukimbilia kwanza.

Goti lisikandwe wala kuchuliwa, na mpira aache kwa sasa, mfupa huo unaweza kuvunjika. Msingoje mwezi mwingine. Na mkivuka kwenda hospitali kubwa, bebeni eksirei yenyewe, si ile karatasi ya majibu peke yake.