Ijue nyota kwanza, sayari baadaye: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Mwalimu, shikamoo. Nimesikia kuna nyota iliyopewa jina la Mpingo na sayari inayoitwa Tanzanite. Je, ni kweli, na tunaweza kuziona tukiwa huku Nachingwea? (Mwanafunzi wa kidato cha nne)

Marahaba. Ni kweli. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotimiza miaka 100, nchi mbalimbali zilikabidhiwa nyota moja moja pamoja na sayari yake ili zizipe majina. Tanzania ilichagua Mpingo kwa nyota iliyojulikana kama WASP-71, na Tanzanite kwa sayari yake. Watu wa kusini tuna sababu ya kujivuna, maana mti huo ni wa misitu yetu na ndio uliovipa vinyago vya Kimakonde sifa. Kwa macho, hata hivyo, hutaiona: ni hafifu zaidi ya mara 60 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho zima huweza kuiona penye giza totoro. Wala mtu asidhani huko kuna madini. Tanzanite ni dubwana la gesi lenye masi (kiasi cha maada) zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua, nalo huizunguka nyota yake kwa siku zisizotimia tatu.

Sayari hiyo hakuna aliyeiona. Ukubwa wake wameupimaje? (Msomaji wa Masasi)

Hili ndilo swali linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba mdudu akipita mbele ya karabai, mwanga hupungua kidogo, na kiasi cha kupungua hutegemea ukubwa wa mdudu na ukubwa wa taa kwa pamoja. Ndivyo ilivyo sayari inapopita mbele ya nyota yake. Kinachopimwa ni sehemu ya uso wa nyota iliyozibwa, yaani upana wa sayari ukigawanywa kwa upana wa nyota, kisha jibu likazidishwa kwa lenyewe.

Tuichukue Mpingo. Upana wake ni takriban mara 2.3 ya Jua, na upana wa Tanzanite ni takriban mara 1.5 ya Mshtarii. Kwa kuwa upana wa Mshtarii ni kama sehemu moja ya kumi ya Jua, Tanzanite ni 0.15 ya Jua. Gawanya kwa 2.3 upate kama 0.065, zidisha kwa yenyewe, na utakuta mwanga unapungua kwa asilimia 0.4 tu. Sayari ileile ikipita mbele ya nyota yenye ukubwa wa Jua, upungufu ungezidi asilimia 2. Kwa hiyo anayekosea upana wa nyota kwa asilimia 10 amekosea na upana wa sayari kwa kiasi hichohicho, hata kama darubini yake haina kasoro. Masi nayo ni ya kukopa: sayari huivuta nyota ikayumba, nasi tunapima kasi ya kuyumba huko, lakini bila kuijua masi ya nyota hatuwezi kupata ya sayari.

Matunda ya kupima nyota vizuri yalionekana mwaka 2017. Baada ya nyota zaidi ya 1,300 zilizochunguzwa na Kepler, darubini ya angani iliyotafuta sayari za nyota nyingine, kupimwa upya, ilidhihirika kwamba sayari zenye upana wa kati ya mara 1.5 na 2 ya Dunia ni chache kuliko zilizo ndogo au kubwa kuliko hapo. Pengo hilo lilikuwa limefunikwa na makosa ya vipimo vya nyota. Inaelekea kwamba sayari nyingi za karibu hupokonywa gesi zao nyepesi, ama na mnururisho (miale) mkali wa nyota, ama na joto la ndani ya sayari yenyewe, zikabaki mwamba mtupu.

Vitu vilivyomo ndani ya nyota vina uhusiano gani na sayari zake? (Msomaji wa Lindi mjini)

Vina uhusiano mkubwa, kwa sababu nyota na sayari zake hutokana na wingu moja la gesi na vumbi. Mwaka 2005 wanaastronomia Debra Fischer na Jeff Valenti walionyesha kwamba takriban robo ya nyota zenye chuma mara mbili au zaidi ya kile cha Jua zilikuwa na sayari kubwa za gesi, ilhali kwa zile zenye chuma pungufu kuliko Jua hazikufika asilimia 3. Sayari ya aina hiyo huanza na kiini kizito, na kiini hicho lazima kikue upesi kabla gesi inayoizunguka nyota changa haijatawanyika, jambo linalotokea ndani ya miaka milioni chache. Penye vumbi jingi kazi huwahi. Sayari ndogo hazichagui hivyo, kwani hupatikana hata kwenye nyota zenye chuma kidogo.

Je, sayari za nyota ndogo nyekundu zinaweza kuwa na maji? (Msomaji wa Kilwa Kivinje)

Joto linaweza kufaa, ila mimi sizipi matumaini makubwa. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, ni hafifu kiasi kwamba sayari yake iliyotangazwa mwaka 2016 inapata joto la kadiri ikiwa umbali wa kilomita milioni 7 hivi, wakati Zebaki iko kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua. Ukaribu huo una gharama, kwa kuwa nyota za aina hiyo hulipuka mara kwa mara na kurusha mnururisho unaoweza kuiondoa hewa ya sayari.

Nyota ipi tunayoiona kwa macho ina sayari? (Msomaji wa Newala)

Mwezi Machi, mvua ikikupa nafasi, tazama kaskazini kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Utaona nyota mbili angavu zilizo jirani, ambazo ni za kundi la Mapacha. Iliyo angavu zaidi, yenye rangi ya machungwa, ni Pollux, iliyo umbali wa miaka ya nuru 34 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Sayari yake, yenye masi isiyopungua mara mbili ya Mshtarii, huizunguka kwa siku 590 hivi. Iligunduliwa kwa kuyumba kwa nyota, si kwa kuziba mwanga: Pollux imevimba hadi upana wa takriban mara tisa ya Jua, na sayari yenye upana wa Mshtarii ikipita mbele yake ingepunguza mwanga kwa kama asilimia 0.01 tu.