Kwa mwalimu mgeni: sikiliza kila mdomo

Mwalimu mwenzangu unayeripoti kituoni, hongera kwa ajira. Wenyeji watakuelekeza mambo ya fomu, posho ya kujikimu na chumba cha kupanga. Mimi nina ombi moja tu: kabla hujaanza kukimbizana na mada, msikilize kila mtoto akisoma peke yake.

Nililijua hili kwa aibu. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Mwaka uliofuata kundi lile likaingia la pili, kwangu, watoto 112 katika chumba kimoja. Walikuwa wakisoma ukurasa mzima kwa sauti moja, raha tupu kusikiliza. Siku moja nikapita nyuma, nikamkuta kijana kashika kitabu juu chini na anasoma bila kukosea neno. Nikawajaribu wenzake. Wengi walikuwa wamekariri, na aliyewakaririsha ni mimi: nasoma, wanafuatisha, nageuza ukurasa.

Kuanzia hapo nikawa naita watoto watano kila asubuhi kabla ya paredi, nawapa maneno yasiyomo kitabuni. Ilichukua zaidi ya mwezi kuwamaliza. Kisha nikawagawa: wasiojua sauti za herufi, wanaounganisha silabi, wanaosoma sentensi. Wengine wa kundi la mwisho nikawapa wadogo wa kuwafundisha, na hilo walilipenda kuliko hata mpira.

Fundisha sauti, hata mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 ulitaka hivyohivyo. Mtoto aliyezoea kutaja “be, a, be, a” ataipataje “baba”? Na ukipangiwa kijiji ambacho nyumbani wanaongea Kisukuma au Kigogo, usiharakishe kumwita mtoto mzito. Huenda swali lako ndilo hakulielewa. Jifunze japo salamu na maneno ya darasani kwa lugha yao.

Utasikia pia watu wakiwabeza walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), wale vijana wa darasa la saba waliofunzwa ualimu huku wakifundisha vijijini, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Mafunzo yao yalikuwa mafupi, sibishi. Lakini aliyenifundisha kusoma ni mmoja wao. Alikuwa anainama dawati kwa dawati, sikio karibu na mdomo wako, na hupitwi.

Andalio la somo liandike hata kama mthibiti ubora haji, ila pembeni andika majina ya waliokwama leo. Kesho uanze nao. Kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) pale shuleni usiende na malalamiko matupu. Beba madaftari matatu ya walioshindwa, myaweke mezani, mtafute kosa lilianzia wapi. Mara nyingine mtagundua lilianzia ubaoni.

Na wale wa dawati la mbele wanaonyoosha mkono kila swali, waombe wapumzike kidogo.